Mradi wa miezi sita haumlei mtu mzima

Mwaka wa kwanza niliopewa mradi nisimamie peke yangu, nilidhani kunyoosha watu ni sehemu ya kazi. Yalikuwa mabweni upande wa Ihumwa, hapa Dodoma, miezi sita kwenye mkataba, na fundi mkuu mmoja ambaye kila nikimwambia jambo alijibu "Sawa, mama," akageuka, akafanya lake. Nilimweka kitako mara tatu. Mara ya tatu nilikuja na daftari, hoja nimeziandika kwa namba. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "Sawa, mama," akaenda kuongeza maji kwenye zege.

Usiku ule nilipiga hesabu. Mzee alikuwa anakaribia miaka sitini. Alianza kujenga mimi nikiwa sijajua kushika penseli. Na mimi nilitaka nimbadilishe tabia kati ya msingi na lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha.

Tangu hapo nimeacha kulea watu wazima. Tabia mtu aliyokuja nayo saiti ndiyo atakayoondoka nayo siku ya kukabidhi funguo. Ninachoweza kubadilisha ni mambo yanayomzunguka: habari anaipata lini, anaipata kwa nani na mbele ya nani, hela yake inapitia wapi, nini kimeandikwa na nini kimeachwa hewani. Ukivipanga hivyo, mgumu anabaki mgumu lakini kazi inakwenda. Nitaeleza ninavyofanya, pamoja na nilikoangukia pua.

Mimi ni mwenyeji wa Mpwapwa, naishi Nzuguni. Miradi yangu ni ya kawaida: madarasa, zahanati, mabweni, maji ya vijijini. Majengo makubwa ya Serikali kule Mtumba nayaona nikipita barabarani kama wewe. Ila mdogo wangu anasimamia vijana wanaotengeneza programu za kompyuta hapo mjini, na tukikaa kula tunakuta watu wetu ni walewale, isipokuwa wake hawashiki nyundo.

Kabla ya yote, jiulize kama ni ugumu kweli

Kuna mambo matatu siyaweki kwenye fungu la watu wagumu: wizi, kuhatarisha uhai wa wenzako, na kusumbua wanawake. Mtu anayemshikashika binti wa mama ntilie akija kuleta chai hana "tabia ngumu" ya kutafutiwa mbinu. Huyo anatoka saiti siku hiyohiyo na suala linaenda panapohusika. Nimewahi kuona msimamizi akimtafutia maneno laini mtu wa namna hiyo kwa sababu alikuwa fundi mzuri wa kenchi. Wanawake watatu waliacha kazi kimyakimya na hakuna aliyejua sababu mpaka mradi umekwisha.

Yaliyobaki, yaani ubishi, kununa, mdomo mchafu, kujifanya hajasikia, kubadilisha maneno, kupiga simu usiku, hayo ndiyo ninayoyazungumzia.

"Sawa, mama"

Turudi kwa mzee wangu wa Ihumwa, maana yeye ndiye aliyenifundisha.

Sisi wa huku kati tuna adabu moja inayowachanganya wageni. Kumkatalia mtu usoni, tena mwenye cheo, ni utovu wa heshima. Kwa hiyo "sawa" inaweza kuwa na maana ya nimekubali, na inaweza kuwa na maana ya nimesikia sauti yako, nenda salama. Wasimamizi wanaotoka nje wanaandika kwenye muhtasari "imekubaliwa" na wiki ijayo wanashangaa. Mimi mwenyeji nilikuwa na sababu ndogo zaidi ya kushangaa, lakini cheo kinaziba masikio.

Siku moja nilifika saiti saa moja kasorobo asubuhi, kabla ya vibarua. Nilimkuta mzee amekaa juu ya matofali anakunywa chai. Nikampa shikamoo, nikakaa naye. Sikugusa habari za zege. Niliuliza: "Mzee, lenta ya upande ule wa upepo, ingekuwa yako ungeimwagaje?"

Alinieleza kwa nusu saa. Ilikuwa Agosti. Anayeijua Dodoma ya Agosti anajua ule upepo mkavu: nguo unaianika, ukigeuka imekauka. Zege lilikuwa linachanganywa mbali, karibu na lilipokaa boza la maji, linabebwa kwa karai juani, likifika juu limeshaanza kushika. Vijana wanashindwa kulishindilia, kwa hiyo mzee anaongeza maji ili lilainike. Alijua kwamba maji mengi yanaliua zege nguvu. Ila kati ya zege lenye maji mengi na zege lenye mapango ndani, aliona afadhali la kwanza.

Wiki tatu nilikuwa napigana na mtu aliyekuwa ananionyesha kosa la mpangilio wangu. Mimi ndiye niliyesema boza likae pale, kwa sababu ya lango.

Tulihamisha sehemu ya kuchanganyia. Tukaanza kumwaga saa kumi na mbili alfajiri badala ya saa tatu, magunia yaliyoloweshwa yakiwa tayari ya kufunikia, na kumwagilia kwa siku saba bila kuruka. Kipimo kikabaki moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, kwa boksi na si kwa koleo, na maji kwa ndoo zilizohesabiwa. Hapo sikulegeza. Nilimwambia palepale kwenye chai: mpangilio wa kazi ni wako, vipimo ni vya mchoro, na tukitofautiana juu ya vipimo namwita mhandisi, hatubishani mimi na wewe. Halafu nikamwomba yeye ndiye awatangazie vijana huo utaratibu mpya.

Hakuwa mtu mwepisi baada ya hapo. Aliendelea kununa nikichelewa, na mara moja alinigomea mbele ya mkaguzi kwa sababu nilimrekebisha mbele ya vijana. Kosa langu tena. Lakini lenta zilisimama.

Kwa hiyo, mtu akikuitikia "sawa" na mambo hayaendi, fanya hivi. Mtafute peke yake, mapema, kabla hajawa na watu wa kumtazama. Umkute amekaa, nawe ukae. Muulize kazi ingefanywaje ingekuwa yake, na usimkatize hata pale unapojua anakosea. Ukishasikia, tenga kwa sauti: hili la kwako, hili la kwangu, hili si la wote wawili bali la mchoro. Na tangu siku hiyo usiulize tena "umeelewa?" Mwambie akueleze kesho ataanza na nini. Asiyekubali utamjua hapo, kwa sababu atashindwa kukueleza, au atakueleza kitu kingine kabisa.

Kikao cha Jumatatu

Hili ni fupi. Nilikuwa na mkadiriaji majenzi, mpiga hesabu za gharama za ujenzi, ambaye kila Jumatatu saa tatu alikuwa kama nyoka aliyekanyagwa. Anajibu kwa mkato, anawavunjia wengine hoja. Nilishaanza kumwandikia barua kichwani. Kisha nikagundua familia yake ipo Dar es Salaam. Watu wengi wa fani zetu walifuata kazi huku tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na wengi waliacha nyumba zao Pwani. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, anashuka Ijumaa jioni na kurudi Jumatatu asubuhi, na anaingia kikaoni moja kwa moja kutoka stesheni, hajala, ameachana na watoto alfajiri.

Nikahamisha kikao kwenda Jumanne saa nne. Sikumwambia kwa nini. Yule nyoka sijamwona tena, labda mara moja moja mwisho wa mwezi.

Mwenye akili na mdomo

Huyu ndiye anayewashinda wasimamizi wengi, kwa sababu anakuwa sahihi. Wangu alikuwa mhandisi kijana, macho yake makali kuliko ya mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Akiona kosa anapiga picha, anaitupa kwenye grupu la WhatsApp lenye watu arobaini, mteja yumo, na maneno chini yake: "Hii nayo ni kazi?" Kila picha ilikuwa na ukweli. Na baada ya kila picha, fundi mmoja aliacha kuja kuniuliza maswali, kwa kuogopa kuwa picha inayofuata.

Kumwambia mtu wa aina hii "punguza ukali" ni kupoteza mate. Kwake ukali na ubora ni kitu kimoja, kwa hiyo anakusikia unamwambia apunguze ubora. Nilichofanya ni kumpa mahali rasmi pa kuweka ukali wake. Daftari la kasoro lilikabidhiwa kwake: kila kosa linaandikwa tarehe, sehemu, lilivyo, linavyotakiwa kuwa, nani anarekebisha, mpaka lini. Picha zinaingia humo. Kwenye grupu la wote zinaingia picha za kazi iliyokamilika tu, na aliyepewa kazi ya kuzituma ni msimamizi wa vibarua, si yeye.

Kisha nilimwita, tukazungumza dakika kumi, mlango umefungwa. Naweka maneno yenyewe hapa kwa sababu watu huniuliza husemwa nini: "Jumatano uliweka picha ya plasta ya chumba cha nne. Ulikuwa sahihi. Fundi aliyeipiga hakuja kazini Alhamisi, na plasta ya chumba cha tano imesimama siku mbili. Makosa uyaone yote, usiache hata moja. Yaende kwenye daftari na kwa mwenye kosa. Kwenye grupu hapana. Tunaelewana?" Akasema fundi ni mzembe. Nikasema inawezekana, na daftari litaonyesha. Nikanyamaza. Kunyamaza baada ya kusema ni kazi ngumu, hasa kwa mtu wa maneno kama mimi, lakini ukiendelea kueleza unampa nafasi ya kukujibu lile dogo na kuliacha lile kubwa.

Angalia sikusema "wewe una dharau". Nilisema siku, chumba, na gharama. Mtu atabishana na wewe mpaka kesho kuhusu yeye ni nani. Chumba cha tano hakibishaniki.

Alibadilika? Nusu. Mdomo anao hadi leo. Ila daftari lake la kasoro ndilo lililotuokoa wakati wa kukabidhi, maana mteja alipoanza kuorodhesha malalamiko tulikuwa na ukurasa wa kila moja, tarehe na sahihi.

Aliye juu yako

Mwakilishi wa mteja, sitasema wa wapi, alikuwa na mazoea ya kupita saiti mimi nikiwa sipo na kumwagiza fundi. "Madirisha haya madogo, panueni." Usiku ananipigia saa nne kubadilisha aliloagiza mchana. Huyu huwezi kumwita ofisini ukamfungia mlango.

Mambo mawili yalisaidia. La kwanza, kila agizo la mdomo nililigeuza kuwa ujumbe siku hiyohiyo, kwa adabu zote:

"Shikamoo mzee. Nimepokea agizo lako la leo saa kumi alasiri, kwamba madirisha ya upande wa magharibi yapanuliwe kutoka sentimita 120 hadi 180. Hili linagusa lenta, nondo na grili. Mkadiriaji ataleta gharama na siku zinazoongezeka kesho saa sita mchana. Upande huo tumeusimamisha tukisubiri jibu lako kwa maandishi. Pande nyingine zinaendelea kama kawaida."

Hakuna ubishi humo wala neno "haiwezekani". Kuna bei, muda, na kitu kilichosimama kikimsubiri yeye. Maagizo mengi yalikufa yenyewe yalipoonana na gharama. (Madirisha yale yalikufa pia, na nilishukuru. Dirisha kubwa la magharibi hapa Dodoma ni kuomba jua la saa tisa liingie likae na wewe.) Fundi naye nilimpa jibu moja la kumpa mkubwa yeyote anayepita: "Nimesikia mzee, namfikishia injinia sasa hivi." Basi. Asikatae, asianze.

La pili lilichukua muda zaidi kuliona. Nilijiuliza kwa nini simu ni za usiku, na nyingi za Alhamisi. Kumbe Ijumaa asubuhi alikuwa anahojiwa na mkubwa wake kuhusu mradi, na mara mbili alishikwa hana majibu. Alikuwa anakuja saiti kutafuta cha kusema. Akikuta kazi imetulia, anatafuta cha kuagiza. Nikaanza kumtumia kila Alhamisi saa tisa picha tatu na mistari mitatu: tulipofika, kilichokwama, tunachohitaji kutoka kwake. Simu za usiku zilipungua mpaka nikawa nalala na simu karibu bila hofu.

Hili naliona mara nyingi. Anayekuzonga kutoka juu ana mtu anayemzonga kutoka juu zaidi. Ukijua siku anayozongwa, mtangulie.

Mzee wa mizabibu

Hapa nilikosea mimi mwanzo mwisho, na nalieleza kwa urefu kwa sababu hakuna aliyekuwa "mgumu" kama huyu mzee kabla sijamwelewa.

Ulikuwa mradi wa maji kwenye kijiji kimoja cha Chamwino: kisima kirefu, tenki, na bomba la kilomita kadhaa kwenda vituo vya kuchotea. Tulitaka mitaro iishe kabla ya mvua. Mvua za huku ni msimu mmoja tu, zikianza Desemba mbuga zinageuka utelezi na magari hayapiti. Nilifanya kila kitu kwa kitabu. Nilikwenda kwa mtendaji, mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, mkutano ulifanyika, mihutasari ikasainiwa. Siku mchimbaji alipofika kwenye shamba la mzee huyu, mzee alikuwa amekaa kwenye mstari wa chokaa, na kiti chake.

Kila mtu aliniambia "huyo ndivyo alivyo". Alipinga shule, alipinga barabara. Mtendaji akapendekeza tuite mgambo. Nashukuru nilikuwa nimechoka siku hiyo, sikuwa na nguvu ya kugombana. Nilisalimia tu, "Mbukwenyi," nikaomba kiti.

Mstari wetu ulipita kwenye mizabibu. Kwangu mimi kwenye mchoro lilikuwa "shamba". Uwele unaupanda Desemba, ukiharibika unalia msimu mmoja. Mzabibu unausubiri miaka ndipo ukupe, na ukishaanza unakuvunisha mara mbili kwa mwaka. Ukiukata mizizi ya mstari mzima huna cha kupanda tena kwa mvua zijazo. Mzee huyu alikuwa akisomeshea wajukuu kwa mizabibu ile. Kwenye mkutano hakuwepo, alikuwa amempeleka mkewe hospitali mjini. Hakuna aliyerudi kumwambia. Na hiyo shule aliyopinga? Alitaka tu aulizwe kabla ya eneo kupimwa. Barabara nayo vilevile.

Tulitembea naye na kamba. Akatuonyesha njia ya ng'ombe iliyokuwa nyuma ya shamba, tukahama mita arobaini hivi, tukaongeza kona mbili za bomba. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko siku nne mchimbaji aliyokaa bure. Alipoona kamba imekaa pale alipotaka, alikuja kesho yake na vijana wawili wa kusafisha njia.

Kwa hiyo sasa, kwenye mradi wowote unaogusa watu, kabla ya mkutano naomba majina matatu: nani huwa anapinga, nani hakuulizwa mara ya mwisho, na nani hatakuwepo siku ya mkutano. Hao nawafuata nyumbani. Naenda bila gari kubwa la ofisi ikiwezekana, na siendi na karatasi ya kusaini. Mkutano unakuja baadaye. Na hata wa maji wasidhani kazi inaisha na bomba. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, mradi wa kijijini unaendeshwa na chombo cha watoa huduma ngazi ya jamii, yaani majirani wa huyohuyo uliyetaka kumwitia mgambo. Wewe utaondoka, wao watabaki wakimdai bili ya maji.

Utani

Mgeni huku akisikia tunavyotaniana anadhani kila kitu kinasemeka. Utani una wenyewe. Watani wanatukanana msibani na hakuna anayenuna, lakini asiye mtani akirudia neno lilelile ni tusi. Nilikuwa na msimamizi wa nondo kutoka mkoa mwingine aliyezoea kuwaita vibarua wa Kigogo "ombaomba", akicheka. Nchi yetu ni kame na miaka ya njaa tunayo kwenye kumbukumbu za bibi zetu. Vijana walicheka naye wiki ya kwanza. Wiki ya pili nondo zilianza kuchelewa, vipimo vikapotea, na hakuna aliyekuwa na kosa.

Nilimvuta pembeni. Akasema, "Nilikuwa nacheka nao." Nikamuuliza wao walimwita jina gani. Akafikiri, hakupata. Nikamwambia basi huo haukuwa utani, utani unarudishwa. Alinielewa kuliko ningempa hotuba ya ukabila. Hata hivyo nilimhamishia kwenye stoo ya chuma, na kikosi nikampa mwingine, kwa sababu kuelewa kwake hakukufuta wiki mbili.

Wewe msimamizi usianzishe utani. Ukitaniwa, cheka. Cheo chako kinafanya kila utani wako uwe amri au tusi.

Pakifika pa kuachana

Wapo ambao mpangilio wowote hauwasaidii. Nilikuwa na fundi umeme aliyechukua kazi yetu akaichanganya na nyingine mbili, anatokea akitaka. Nilihamisha ratiba, nilimgawia vyumba, nilimpa msaidizi. Ikafika mwisho.

Hapo hasira zako ziache nyumbani, karatasi ndizo zinazofanya kazi. Kama ni mfanyakazi wako wa kuajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka vitu viwili: sababu halali na utaratibu wa haki. Kimoja hakitoshi. Aambiwe kosa, apewe nafasi ya kujieleza, viandikwe. Ukimwachisha kwa kumpigia kelele getini, hata kama sababu unayo, ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ni kweli kwamba kinga hiyo dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu aliye chini ya miezi sita kazini kwako, na miradi yetu mingi ni mifupi, lakini usiitegemee. Watu haohao unawachukua mradi unaofuata na miezi inahesabika, na barua ya onyo inakulinda hata pasipo na shauri. Kama ni fundi wa mkataba mdogo, fuata mkataba, na kama mkataba ulikuwa wa mdomo, huo ndio msiba wako wa kwanza.

Yule wa umeme nilimwandikia barua tatu, kila moja ikitaja siku na vyumba. Ya nne ilikuwa ya kuachana. Nilimpimia kazi aliyoifanya mbele ya shahidi, nikamlipa siku ileile, vifaa vyake vikatoka kwa orodha na sahihi. Mhasibu alitaka tumkalie hela kidogo "ajifunze". Nilikataa. Mtu anayekudai anakaa getini kwako kila asubuhi anawasimulia wanaoingia, na ana haki.

Jioni hiyohiyo waambie waliobaki kwa sentensi moja: fulani hayupo nasi tena, kazi yake anaichukua fulani. Usieleze makosa yake. Wanayajua kuliko wewe.

Na wewe je

Nilimaliza mradi mmoja nikijisifu kwamba saiti yangu haikuwa na matatizo. Mama ntilie aliyekuwa anatupikia, mama wa makamo wa Veyula, ndiye aliyenieleza siku ya mwisho nikilipa deni la wali. Nondo za milimita 12 ziliwahi kupungua, na wote walijua siku tano kabla yangu. Walikuwa wanapeana zamu nani aniambie. Mwishowe waliuza mabaki ya mbao, wakachanga, wakanunua wenyewe, kuliko kuja kuniambia saa za mchana.

Nilimuuliza kwa nini mchana. Akacheka mpaka akaweka sufuria chini.

Sasa nina daftari dogo. Kila ninayefanya naye kazi ana mistari miwili: apewe habari vipi, na asiguswe wapi. Ukurasa wa mzee wa Ihumwa, ambaye nimemchukua tena kwenye kazi mbili, unasema: "Mchoro apewe jana yake jioni. Asirekebishwe mbele ya vijana." Mwaka jana nilimpa mkadiriaji wangu, yule wa treni, kalamu aniandikie na mimi ukurasa wangu. Aliandika mstari mmoja tu, hakuhitaji wa pili: "Habari mbaya apelekewe baada ya saa nane, akishakula."